Beni na Butembo: Versement ya trisikeli ndiyo inavunja breki, wanaonunua ya kwanza wasikie

BUTEMBO – Kuanzia soko kuu la Butembo mpaka soko la Kilokwa kule Beni, mzigo sasa unatembea juu ya magurudumu matatu. Trisikeli inabeba mchanga, matofali, mbao, saruji, bidoni za maji, mikungu ya ndizi, viazi kutoka upande wa Lubero na kakao kutoka upande wa Mangina. Kazi ambayo zamani ilikuwa ya chukudu, ya baiskeli na ya vijana wa kubeba mgongoni, leo inafanywa na moto yenye sanduku nyuma. Tanzania wanaiita guta. Huku jina ni trisikeli, na kila mwezi kuna familia inayonunua ya kwanza.

Anayeinunua mara nyingi si tajiri. Ni mwalimu aliyeweka akiba katika COOPEC. Ni akina mama wa AVEC waliogawana akiba yao mwisho wa mwaka. Ni mkulima ambaye kakao yake ilipata bei nzuri. Ni kijana aliye Kampala ama Ulaya anayetuma pesa ili wazazi wapate kitu cha kuwasaidia. Kwa wengi, ni chombo cha kwanza chenye injini kuingia ndani ya lupango lao.

Siku kinapoingia, majirani wanakuja na mashauri. La kwanza: tafuta shoferi kijana mwenye nguvu. La pili: weka versement ya juu tangu siku ya kwanza, kwa maana ukianza chini hatakuheshimu. La tatu: usimhurumie, atakuibia. Mashauri hayo yanasemwa kwenye harusi, kwenye matanga, nje ya kanisa baada ya misa, na wanaoyatoa ni watu wazima wenye nia njema. Yote matatu ni mabaya. La pili linaua watu.

Mzigo unapimwa jioni, si asubuhi

Ajali ikitokea kwenye mteremko, watu wanasema neno moja: breki zilikatika. Kisha wanageukia shoferi. Alikuwa amekunywa, alikuwa mtoto, alikuwa na haraka. Wachache wanauliza asubuhi ile aliamka akiwa na deni gani kwa patroni wake.

Versement inajulikana na kila mtu hapa. Shoferi analeta kila jioni pesa ile ile, mvua inyeshe ama jua liwake. Mafuta ni yake. Mara nyingi tundu la gurudumu ni lake pia. Kinachobaki ndicho anachopeleka nyumbani. Siku mzigo ukikosekana, versement haipungui. Siku barabara ikifungwa kwa sababu ya risasi ama ya "ville morte", kuna patroni anayesamehe, na kuna anayeandika deni.

Mfano wa hesabu tu, si bei ya soko: safari moja inalipa franga 5,000, mafuta yanakula 2,000, inabaki 3,000. Versement ikiwa franga 21,000, shoferi anafanya safari saba bila kupata hata franga moja ya kwake. Safari ya nane ndiyo inaanza kulisha watoto wake. Sasa mvua inyeshe mpaka saa sita ya mchana, kama inavyonyesha Butembo miezi mingi ya mwaka. Zinabaki safari nne. Nne mara 3,000 ni 12,000. Ana upungufu wa 9,000 kabla ya kununua unga. Afanye nini? Anatafuta mteja mwenye mzigo mkubwa, anakubali kubeba kwa safari nne kile kilichopaswa kubebwa kwa safari saba, na anashuka mlima mbio ili awahi kurudi.

Patroni atasema: "Mimi sikumwambia apakie hivyo." Ni kweli, hakusema. Aliipanga pesa kwa namna ambayo hakuna njia nyingine ya kuipata. Mzigo ule ulipimwa jioni moja, sebuleni, siku patroni alipotaja versement na shoferi akaitikia kwa sababu ana njaa.

Kwa hiyo shauri la kwanza kwa mwenye trisikeli ya kwanza si la injini wala la mafuta. Ni hili: kabla ya kutaja versement, apande mwenyewe juu ya chombo kile siku mbili ama tatu pamoja na shoferi, ahesabu safari, aone mafuta, aone vizuizi, aone siku ya mvua. Kisha achukue hesabu ya siku mbaya, si ya siku nzuri. Asiyekuwa na muda wa siku tatu kwa chombo kilichomeza akiba ya miaka, asinunue.

Nusu moto, nusu gari, na breki za wasiwasi

Wanaonunua wengi wanafikiri trisikeli ni moto kubwa. Ndiyo maana wanampa mtu yeyote aliyewahi kuendesha moto. Hapo kosa la pili linaanza.

Moto inalala kwenye kona, na motari anaisaidia kwa mwili wake. Trisikeli hailali. Ina gurudumu moja mbele na mawili nyuma, na ikiingia kwenye kona kwa mwendo huku mzigo uko juu, inataka kupinduka upande wa nje kwa mbele. Shoferi akifunga breki katikati ya kona, anaisaidia kupinduka. Motari mwenye miaka kumi ya kazi ana mazoea ambayo juu ya trisikeli ni hatari, na siku zake za kwanza anapaswa kujifunza upya, bila mzigo, kwenye uwanja tambarare.

Kisha kuna uzito wenyewe. Kila chombo kinatoka kiwandani na kiasi chake cha mzigo, na kiasi hicho kimeandikwa kwenye kibati ama ndani ya kitabu chake. Kwa nyingi ni kilo mia kadhaa. Basi mwenye mali ahesabu. Mfuko wa saruji ni kilo 50: mifuko 20 ni tani moja. Bidoni ya maji ya lita 20 ni kilo 20: bidoni 50 ni tani moja tena. Mchanga mkavu, meta kyubu moja inafika karibu tani moja na nusu, na ukilowa unazidi hapo. Sanduku linaloonekana halijajaa, likiwa na mchanga wa mtoni, linaweza kuwa limepita kiasi tayari. Macho hayapimi mchanga.

Hapa garaji zina dhambi yao. Mwenye trisikeli anafika, anaomba waongeze majani ya resori na wainue kuta za sanduku kwa mbao ama chuma. Fundi anafanya, analipwa, na chombo kinatoka kikionekana chenye nguvu. Lakini fundi hajaongeza breki. Hajaongeza ekseli, wala tairi, wala ukubwa wa ngoma zile zinazosimamisha magurudumu. Ameondoa tu dalili iliyokuwa inamwonya shoferi kwamba mzigo umezidi. Zamani sanduku lilikaa chini na kugusa tairi, kila mtu akaona. Sasa linakaa sawa, na tatizo linangoja mteremko.

Na Butembo ni mji wa miteremko. Umejengwa juu ya vilima, kwenye udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha unakuwa kama sabuni. Breki za ngoma zikishikwa mfululizo kwenye mteremko mrefu zinapata moto, na zikipata moto sana zinaacha kushika, hata kama ni mpya. Njia ya kushuka inajulikana na kila shoferi wa Fuso: kuingiza vitesi ya chini kabla ya kuanza kushuka, kuiacha injini ishike chombo, na kutumia breki kwa vipindi. Mashoferi wengi wa trisikeli wanafanya kinyume. Wanatoa vitesi, wengine wanazima hata injini, ili kuokoa mafuta. Kwa nini waokoe mafuta kwa hatari hiyo? Kwa sababu mafuta ni yao na breki ni ya patroni. Versement tena.

Mwendo nao una hesabu yake isiyosamehe. Ukienda mara mbili zaidi, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Tani moja ikishuka mbio kuelekea soko lililojaa akina mama walioketi chini na nyanya zao, hakuna shoferi hodari. Kuna fizikia tu.

Namna ya kupakia nayo inahesabiwa. Mzigo mzito ukikaa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unapoteza nguvu, na kwenye mlima chombo kinaweza kusimama kwa magurudumu ya nyuma kama farasi. Vitu vizito vinakaa chini na karibu na ekseli, vyepesi vinakaa juu, na kila kitu kinafungwa kamba. Mbao ndefu zinazotoka nje nyuma zinawekwa alama nyekundu, na zisizidi kiasi cha kuinua mbele.

"Barabara ndiyo inaua"

Wenye trisikeli wana majibu, na yanastahili kusikilizwa.

La kwanza ni barabara. Kweli, barabara ni aibu. FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, uliundwa mwaka 2008, na unakusanya pesa kwenye mafuta na kwenye vituo vya péage. Kila mwenye trisikeli anachangia kila anapojaza tanki. Tarehe 16 Juni 2021, marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni walizindua kule mpakani Kasindi na Mpondwe kazi za barabara za kilometa 223, ndani yake Kasindi–Beni kilometa 80 na Beni–Butembo kilometa 54. Kazi hizo zimekwenda polepole kuliko ahadi. Wakaaji wana haki ya kulia, na wanapaswa kuendelea kulia mbele ya kila mkubwa anayepita.

Lakini barabara mbaya ni sababu ya kupakia kidogo, si ruhusa ya kupakia zaidi. Mtu anayejua kwamba daraja limeoza anavuka na mzigo mwepesi. Hakuna anayesema: kwa kuwa limeoza, nivuke na ng'ombe wawili. Na mara nyingi mtu anayelaumu mashimo ndiye anayeyachimba, kwa kuwa magurudumu yaliyozidiwa uzito yanakata barabara za karitie ambazo vijana walizijaza mawe kwa salongo ya Jumamosi.

Jibu la pili ni deni. "Versement ikishuka, nitalipa COOPEC na nini?" Hili ni swali la haki. Lakini hesabu ya deni haifungwi kila jioni, inafungwa kila mwezi. Trisikeli inayobeba kupita kiasi inaleta pesa nyingi wiki nane za kwanza. Kisha kluchi inakwisha, beringi za nyuma zinalia, ekseli inapinda, na chombo kinakaa garaji kikingoja kipuri kipande kutoka Kampala kupitia Kasindi. Siku ishirini garaji ni siku ishirini bila versement, pamoja na gharama ya kipuri. Mwenye kuchukua kidogo kila siku bila kusimama anamshinda mwenye kuchukua nyingi na kusimama. Akina mama wa soko wanaijua hesabu hii tangu zamani: faida ndogo inayorudi kila siku ndiyo inasomesha watoto.

Jibu la tatu ni wizi. "Bila versement ya juu, shoferi atanila." Wapo mashoferi wezi, ni kweli. Lakini versement haizuii wizi. Inamfanya patroni asijue kitu chochote: hajui chombo kilibeba nini, kilienda wapi, kilipita mlima gani. Anajua tu kwamba saa kumi na mbili jioni pesa iliingia. Daftari la safari, lenye tarehe, mzigo na mahali, na mgawanyo wa asilimia baada ya kuondoa mafuta, unamwonyesha patroni zaidi kuliko versement ya juu. Shoferi anayepata sehemu yake kwa kila safari hana sababu ya kujiua kwa ajili ya safari ya saba. Na ikiwa versement itabaki, basi iwe na siku moja kila wiki isiyolipwa, siku ya kukaza boliti, kupaka grisi na kurekebisha breki, mbele ya macho ya mwenye mali.

Sanduku si basi

Kuna jambo ambalo halina jibu lolote, nalo ni kupakia watu.

Inaonekana kila siku. Wanafunzi wanaotoka shule, wanakwaya wanaokwenda kuimba parokia ya jirani, familia inayosindikiza maiti, akina mama waliopanda juu ya magunia yao kutoka sokoni. Sanduku halina kiti, halina mshipi, halina cha kushika. Watu wakiinama upande mmoja kwenye kona, uzito wote unahamia huko, na tayari imeelezwa trisikeli inafanya nini kwenye kona. Ikipinduka na magunia, anapotea mwenye viazi. Ikipinduka na watu, hospitali ya Matanda haina vitanda vya kutosha kwa sanduku moja.

Mwenye mali asijifiche nyuma ya neno "waliomba wenyewe". Mtu maskini ataomba kupanda kitu chochote kinachokwenda upande wake. Kazi ya mwenye chombo ni kukataa, na kumwambia shoferi wazi kwamba hatapoteza kazi kwa kukataa.

Njia yenye risasi

Kwa Beni na Butembo, shauri lolote juu ya chombo cha kubeba mzigo ambalo halitaji vita ni shauri la mji mwingine. Kivu ya Kaskazini iko chini ya état de siège tangu tarehe 6 Mei 2021. Waasi wa ADF wamechoma moto na magari, wameua mashoferi na abiria, kwenye barabara ya Beni–Kasindi, upande wa Mbau na Eringeti, na mpaka upande wa Manguredjipa. Kila mkaaji ana jina la mtu mmoja angalau.

Mahali penye hatari bei ya kubeba inapanda. Gunia la kakao linalotoka porini linalipa vizuri kuliko matofali ya mjini, kwa sababu wachache wanakubali kwenda. Patroni aliyeketi mjini anaona bei, anasukuma chombo chake huko, na akiulizwa anasema shoferi alichagua. Shoferi mwenye versement ya 21,000 na siku ya mvua hachagui.

Kanuni ni fupi. Chombo kisitoke mjini bila habari za asubuhi ile kuhusu njia. Mahali ambapo jeshi linasindikiza magari kwa msafara, kingoje msafara. Usiku kisitembee, na saa za kukataza moto zilizotolewa na meya ziheshimiwe hata kama mteja analipa mara mbili. Na patroni aandike kwenye makubaliano kwamba siku njia imefungwa, versement hailipwi na haiandikwi deni. Asiyetaka kuandika sentensi hiyo moja anamtuma mtoto wa mwenzake mahali ambapo hawezi kumtuma wake.

Karatasi zina kazi

Wenye vyombo wengi wanasema karatasi ni njia ya serikali kula pesa. Vizuizi vinavyoomba franga bila risiti vimewafundisha hivyo, na wanaoviweka wanapaswa kuona haya. Lakini kukosa karatasi hakumwadhibu anayekula kwenye kizuizi. Kunamlisha. Trisikeli isiyo na plaque wala carte rose ni chakula cha kila kizuizi kati ya Butembo na Beni, na mwisho wa mwezi vile vidogo vidogo vinapita bei ya karatasi.

Bima ni jambo lingine zaidi. Sheria nambari 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978 juu ya mwendo wa barabarani ipo, na bima ya kulipa mtu aliyegongwa ni lazima. Siku trisikeli inagonga mtoto wa shule, mambo yanayofuata yanajulikana: shoferi anatiwa kachot, vijana wa karitie wanataka kuchoma chombo, na patroni anazima simu. Familia ya mtoto inalipa hospitali peke yake kwa kuuza shamba. Mwenye kununua bima hanunui karatasi ya kumwonyesha polisi. Ananunua uwezo wa kusimama mbele ya familia ile bila kukimbia. Na shoferi awe na permi yake, na makubaliano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi mbele ya shahidi, ili siku ya mabaya asiachwe kachot kama mtu aliyeiba chombo.

Mji unaweza

Kuna watakaosema haya ni maneno matupu, kwamba watu wa hapa hawabadiliki. Historia ya karibuni inakataa. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina, mpaka ilipomalizwa tarehe 25 Juni 2020, zaidi ya watu 2,200 walikufa. Mwanzoni kulikuwa na mashaka, mawe na matusi. Lakini watu walizoea kushuka kwenye moto, kunawa mikono na kupimwa joto barabarani, ambavyo mwaka uliotangulia vingeonekana wazimu. Watu walibadilika walipoona ni nani anayekufa.

Butembo ni mji ambao wafanyabiashara wake walichanga pesa kutengeneza barabara wakati serikali haikuonekana. Mji kama huo hauwezi kusema umeshindwa kukubaliana juu ya kilo. Wauzaji wa trisikeli wanaweza kuandika kwa rangi, kwa Kiswahili na kwa Kinande, kilo zinazoruhusiwa kwenye ubavu wa kila sanduku kabla halijatoka dukani. Hilo ni suala la bati na brashi. Vyama vya motari vinaweza kukataa kumpa jile mtu ambaye hajafundishwa kushuka na mzigo. COOPEC na AVEC, zinapokopesha pesa ya trisikeli, zinaweza kuomba kuona makubaliano ya shoferi na bima, kwa sababu chombo kikianguka mkopo wao unaanguka nacho. Na meya, badala ya operesheni za kukamata zinazoisha jioni ile ile kwa malipo, aweke watu wa kupima mzigo juu ya miteremko mikubwa, kabla ya kushuka, na si chini ambapo kazi inayobaki ni kuokota.

Lakini hakuna hata mmoja kati ya hao anayemfikia shoferi kila jioni. Mwenye chombo peke yake ndiye anayekutana naye kila siku akiwa na pesa mkononi. Kwa hiyo yaliyo yake ni haya, na hayangoji serikali:

Kabla ya kununua, asome kiasi cha mzigo na aulize vipuri vinapatikana Butembo ama vinangoja mpaka Kampala. Kilometa za kwanza chombo kiende polepole na nusu mzigo, oili ya kwanza ibadilishwe mapema kama kitabu kinavyosema, na boliti za magurudumu zikazwe tena baada ya siku chache, kwa maana chombo kipya kinalegea. Kila asubuhi breki zijaribiwe kabla ya kupakia, na breki ya mkono pia. Kabari mbili za mti ziwe ndani ya sanduku siku zote, za kuzuia magurudumu mlimani. Tairi ya akiba iwepo. Kuta za sanduku zisiinuliwe. Watu wasipandishwe. Shoferi afundishwe kwanza, alipwe kwa safari ama kwa versement ya siku mbaya, na apewe haki ya kusema "mzigo huu hapana" bila kuogopa.

Kuna patroni atakayesoma haya na kusema jirani yake anapata zaidi kwa kufanya kinyume. Ni kweli, jirani anapata zaidi, mpaka wiki ile. Wiki ile atauza chombo kilichopinda kwa bei ya chuma, atalipa deni la COOPEC kwa miezi mingine mingi bila chombo, na kila Jumapili atakutana kanisani na mama wa kijana aliyekuwa anamletea versement saa kumi na mbili jioni. Mama yule hatamwuliza habari za breki. Atamwuliza alikuwa anamdai mwanawe pesa ngapi.